Winchi ya Chumbani

Nilipopewa ukuu wa kikundi nilisainishwa karatasi iliyosema kwamba majukumu ya mwajiri kuhusu afya na usalama wa wafanyakazi, katika eneo langu, sasa yako mikononi mwangu. Mkurugenzi alinieleza kwa upole kwamba nikiona sina muda au uwezo wa kuyatimiza, nina haki ya kuyarudisha kwake kwa maandishi. Nikacheka, naye akacheka. Kwa miaka yote niliyofanya kazi Stockholm sijamsikia mtu aliyeyarudisha.

Kampuni yetu inahudumia wazee na wagonjwa majumbani mwao. Wafanyakazi wangu huingia nyumba za watu asubuhi, huwaogesha, huwapa dawa, huwapashia chakula, kisha huenda nyumba inayofuata. Mimi nilianza hivyo hivyo. Nilikuja huku kutoka Iringa kusomea uuguzi nikidhani nitamaliza na kurudi. Nikaolewa, nikazaa, nikabaki. Sasa kazi yangu ni ratiba na simu. Mfanyakazi akiumwa, namtafuta wa kushika zamu yake. Nikimkosa, naenda mwenyewe. Ndugu zangu wakinipigia husema nina bahati, maana Ulaya sheria inamlinda mfanyakazi. Nawajibu ni kweli. Huwa sina nguvu ya kuwaeleza kwamba sheria hiyo lazima mtu aibebe, apande nayo treni mpaka Hallonbergen, aingie nayo kwenye lifti, agonge mlango.

Mlango ninaousema ulikuwa ghorofa ya tano. Ndani aliishi mzee mmoja Mswidi, mrefu na mzito, mjane, ambaye maisha yake yote alifanya kazi ya kutandika sakafu mpaka magoti yakaisha. Kwa muda mrefu aliweza kusimama akishikwa, akageuzwa, akaketishwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Hapo ndipo alipokula na kutazama watu wakitoka stesheni. Baridi ilipoingia alianguka bafuni, na aliporudi kutoka hospitali miguu ilikuwa haimbebi tena.

Mtaalamu wa vifaa vya wagonjwa alikuja, akapima chumba, akasema mzee anahitaji mashine ya kumwinua: nguzo yenye mkono wa chuma, na kitambaa kigumu kinachopitishwa chini ya mgonjwa ili anyanyuliwe taratibu kutoka kitandani na kushushwa kitini. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuliiita winchi, kama zile za bandarini.

Mzee aliikataa. Alisema kitu kile hakitaingia chumbani kwake, na kwamba watu wawili wenye nguvu wanatosha, kama walivyotosha siku zote. Nyumba ilikuwa yake, na hakuna mtu angeweza kumlazimisha.

Lakini mfanyakazi wangu akivuka kizingiti, nyumba hiyo inakuwa mahali pa kazi pia. Nilikwenda pale na mwakilishi wa usalama, yaani mwenzetu aliyechaguliwa na wafanyakazi kusimamia mambo hayo mbele ya mwajiri. Alikuwa mama wa Kiswidi wa maneno machache. Tulipima urefu wa kitanda. Tulipima nafasi iliyobaki kati ya kitanda na kabati kubwa la nguo. Tulimwangalia mzee alivyolemea. Wote wawili tulijua jibu kabla hatujaandika neno: asiinuliwe tena kwa mikono. Mpaka atakapoikubali mashine, ataoga na kula kitandani.

Nilimweleza mwenyewe. Alinisikiliza macho yakiwa darini.

"Basi nitalala," akasema.

Nikamwambia anaweza kubadili mawazo wakati wowote. Akageuza uso ukutani.

Aliyemhudumia mzee huyu zaidi ya wote alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Alikuwa na mikono ya mtu aliyelima, na sauti ya kwaya. Aliniita shefu, kwa sababu neno hilo kwake lilikuwa la Kifaransa na kazini likawa la Kiswidi, maana ile ile ya mkuu wa kazi, basi halikumpa taabu. Nami nilimwita mama. Nilipotangaza uamuzi kwenye mkutano wa asubuhi, wenzake waliitikia, na nadhani wengi walifurahi, maana migongo ilikuwa inawauma. Yeye alibaki baada ya wengine kutoka.

"Shefu, muzee akila amelala, chakula kinamupalia," akasema.

Nikamwambia kitanda kinapanda upande wa kichwani. Akasema kupanda kwa kitanda siyo kukaa. Nikamwambia najua, lakini akiumia yeye, itakuwa nini? Alinieleza kwamba wakati wa kukimbia vita alimbeba mama yake mgongoni, siku nyingi, porini, na hakuna aliyekuja kumpima bega. Hakulisema kwa kujisifu. Nilimjibu kwamba hapa akiumia, wa kuulizwa ni mimi. Alinitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma, akachukua funguo zake, akaenda kazini.

Zilipita wiki kadhaa. Kila nilipouliza habari za mzee niliambiwa anakula vizuri, hana vidonda vya kulala, na hasira zimepungua. Nilimshukuru Mungu, nikaendelea na mengine.

Siku ile nilikuwa jengo la jirani nikimalizia mambo ya mteja mwingine. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Simu ikatoka kituo cha kengele, wale wanaopokea wito mgonjwa akibonyeza kitufe chake cha mkononi. Wakasema kengele ni ya mzee wa ghorofa ya tano, lakini anayezungumza ni mwanamke, na Kiswidi chake hawakipati vizuri.

Niliwakuta chini, kati ya kitanda na kiti. Mama wa Bukavu alikuwa ameegemea kabati, miguu mbele, na mzee ameegemea kifua chake kama mtoto anayesukwa nywele. Mama alikuwa amemkinga asigonge kichwa. Mkono wake wa kulia ulining'inia kama si wake. Dirishani kulikuwa na sahani mbili za samaki na viazi, bado zinatoa moshi.

"Usimukaripie muzee," akaniambia.

Mzee alikuwa anarudia kwa Kiswidi, kwa sauti ndogo, kwamba ni yeye, ni yeye, miguu yake. Nilimpapasa nyonga, nikamuuliza maumivu yako wapi, hakuwa amevunjika. Kisha nikamgusa mama begani, akafumba macho, jasho likamtoka. Niliita gari la wagonjwa. Tukakaa pale sakafuni watu watatu tukisubiri, kwa sababu hata mimi peke yangu nisingeweza kumwinua mzee, wala sikuruhusiwa.

Hospitali, tukiwa kwenye viti vya kungojea daktari, alinieleza yote bila kuulizwa. Tangu siku ya tangazo, kila mapumziko yake ya mchana alirudi kwa mzee. Alijitoa kwenye mfumo wa saa za kazi kwa simu yake, ili isiwe kazi. Alimketisha kitini, wakala pamoja, akamrudisha kitandani, akajiandikisha tena, akaendelea na zamu. Alidhani hivyo ndivyo nisingepata shida: kama si saa za kazi, basi shefu hataulizwa. Alikuwa amelifikiria vizuri, kwa ajili yangu. Nikaenda kumtafutia maji.

Msuli wa bega ulikuwa umechanika. Daktari alisema atapasuliwa, na kupona kutachukua muda mrefu.

Mwajiri analazimika kutoa taarifa ya ajali ya kazini, kwa ofisi ya bima ya jamii na kwa mamlaka inayosimamia usalama wa kazi. Mkurugenzi, ambaye si mtu mbaya, alinipigia jioni. Aliniuliza kama ni kweli alikuwa mapumzikoni. Ndiyo. Na kulikuwa na katazo? Ndiyo. Basi, akasema, tuliandike hivyo, na ikiwezekana tusiliite ajali ya kazini, kwa sababu hakuwa kazini. Nilimwambia nitaandika kwamba alikuwa mapumzikoni na kwamba kulikuwa na katazo. Pia nitaandika kwamba aliingia kwa funguo zetu, akiwa na sare yetu, kwa mteja wetu, kufanya jambo ambalo mteja analihitaji kila siku nasi tulikuwa tumeliacha bila jibu. Wakubwa wa bima wataamua wenyewe. Akasema sawa, yeye alikuwa anauliza tu.

Mwakilishi wa usalama alipokuja ofisini hakuniuliza juu ya mapumziko. Aliuliza jambo moja: baada ya kukataza, nilifuatilia vipi? Nikasema nilikuwa nauliza habari za mzee. Akaniuliza nilimuuliza nani. Nikamtaja mama wa Bukavu. Akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na lawama usoni. Alikuwa amechoka tu kama mimi, na alikuwa na kampuni nyingine ya kutembelea mchana ule.

Wiki mbili za mwanzo za ugonjwa ni kampuni inayolipa, baadaye ni bima ya jamii. Hayo yalikwenda yenyewe. Yasiyokwenda yenyewe ni wajibu unaofuata, kwamba mwajiri akae na mfanyakazi wake mapema, wapange namna atakavyorudi: kazi gani anaweza, kipi kibadilishwe, nani afanye nini. Mkutano ulipangwa baada ya upasuaji. Niliomba nimwelezee mambo kwa Kiswahili mwenyewe. Nikaambiwa haiwezekani. Mimi pale ni mwajiri, na mwajiri hawezi kuwa mkalimani wa mtu anayezungumza naye kuhusu haki zake. Ni sawa kabisa. Hata mimi ningemwambia mtu mwingine hivyo hivyo.

Basi tuliketi watatu kwenye chumba kidogo: mimi, mama akiwa amefungwa mkono kifuani, na afisa wa bima, msichana mstaarabu mwenye kompyuta. Katikati ya meza tuliweka simu, na ndani ya simu alikuwemo mkalimani, mwanamume mwenye Kiswahili cha Mombasa. Nilizungumza Kiswidi. Simu ikamwambia mama kwa Kiswahili. Mama akajibu simu kwa Kiswahili chake cha Bukavu. Simu ikaniambia mimi kwa Kiswidi yale ambayo nilikuwa nimeshayasikia.

Nilieleza kwamba akipata nafuu anaweza kuanza kwa kujaribu kazi nyepesi, saa chache, huku bado akilipwa na bima. Mkalimani akasema "mafunzo ya kazi". Mama akashtuka, akauliza kama wanamrudisha shule kwa umri ule. Mkalimani akatafsiri swali kwa ukamilifu. Nami nikalijibu kwa Kiswidi, nikimtazama mama machoni, nikijua kwamba neno moja tu la Kiswahili lingemtoa wasiwasi palepale, na nikisubiri jibu lizunguke hadi kwenye simu na kurudi. Tuliendelea hivyo. Kila mara mama alikuwa ananitazama mimi, kisha simu, kisha mimi.

Mwishowe akainama mbele.

"Shefu," akasema, "Kiswahili yako iliendaka wapi?"

Mkalimani, kama kazi yake inavyomtaka, akatafsiri hilo pia. Chumba kizima kikalisikia kwa Kiswidi. Afisa wa bima akaacha kuandika, akanitazama.

"Ipo, mama," nikamwambia kwa Kiswahili. "Lakini humu ndani mimi ni mwajiri."

Mkalimani akatafsiri na hilo. Afisa wa bima akauliza kama tunaweza kuendelea na ukurasa wa pili.

Kwenye korido nilimsaidia kuvaa koti, mkono mmoja ukipita kwenye mkono wa koti na mwingine ukiachwa ndani. Nilitaka kumwambia mengi. Yeye aliuliza kitu kimoja, mzee anakula wapi siku hizi. Nikasema kitandani. Akavuta zipu kwa mkono wa kushoto, ikamshinda, nikamvutia.

Kesho yake nilikwenda ghorofa ya tano bila karatasi yoyote. Nilikaa kwenye kile kiti cha dirishani kwa kuwa hakukuwa na kingine. Mzee aliniuliza hali ya yule mama. Nilimwambia siruhusiwi kuzungumzia afya ya mfanyakazi. Akasema yeye alikuwepo, alilisikia bega likichanika. Nje theluji ilikuwa imeshachafuka, watu wakiipitia kwenda treni.

Nikamuuliza kwa nini anaichukia ile mashine. Tulikuwa tumepima chumba chake chote, na swali hilo hatukuwa tumemuuliza.

Akanisimulia kwamba hospitali, alipoanguka, waliwahi kumwinua kwa mashine kama ile mbele ya wanafunzi waliosimama mstari. Gauni la hospitali liko wazi nyuma. Akaning'inia pale, makalio nje, akizunguka polepole, na mwalimu wao akaanza kueleza jinsi ya kukagua mikanda.

"Walikuwa wanazungumza juu ya mikanda," akasema. "Mimi niko hewani."

Nilimuuliza ingekuwaje kama kwanza tungemfunika blanketi, mlango ukafungwa, na wakawa watu wawili tu, wale wale siku zote. Alifikiria. Akauliza kabati litakwenda wapi, maana lina nguo za marehemu mkewe. Nikasema tutalihamishia sebuleni na nguo zake ndani. Akasema tujaribu, lakini asipopenda mashine itarudi ilikotoka.

Mashine ilipoletwa nilikuwa mmoja wa wale wawili. Tulimfunga blanketi la sufu kiunoni kama wanavyofunga kina mama kwetu asubuhi ya baridi. Alifumba macho wakati wote wa kupanda. Tulimshusha kitini, akafumbua, akatazama nje muda mrefu, akaomba kahawa. Mwenzangu alifurahi, akampigia makofi kidogo. Mimi nilikwenda jikoni kuweka maji. Niliwaza juu ya blanketi. Lilikuwa muda wote kabatini pale.

Bega la mama halikurudi kama zamani. Mkono unafika usawa wa kifua, unaishia hapo. Daktari alisema wazi kwamba kazi ya kuogesha na kugeuza wagonjwa imekwisha kwake. Hapo wajibu wa mwajiri haumaliziki. Lazima atazame kama ana nafasi nyingine yoyote ambayo mtu huyo anaweza kuifanya, kabla ya kufikiria kumwachisha kazi. Kulikuwa na nafasi kwenye kituo chetu cha mchana cha wazee, upande wa Akalla, ya kupokea watu, kutoa kahawa, kukaa nao. Mkurugenzi alisema kazi ile inahitaji Kiswidi bora zaidi. Nikamuuliza kahawa inahitaji Kiswidi kiasi gani. Tulibishana siku kadhaa, kwa adabu, kama wanavyobishana watu wa huku. Mwakilishi wa usalama na mtu wa chama cha wafanyakazi walisimama upande wangu, au tuseme upande wa sheria, na mama akapewa nafasi. Baadaye sana, nilipokuwa nimeacha hata kuuliza, bima ikaikubali ile kuwa ajali ya kazini.

Nyumbani sikusherehekea. Binti yangu aliniuliza kwa Kiswidi kwa nini nina uso ule, nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nimechoka, akasema, kwa Kiswidi, kwamba mimi nimechoka siku zote. Hakuwa amekosea.

Nilikwenda kumtembelea mama kituoni miezi michache baadaye. Nilimkuta amezungukwa na vikongwe wanne, akimimina kahawa kwa mkono wa kushoto, nyingine ikimwagikia kwenye kisosi. Aliniambia kazi hii ni ya kukaa tu kutazama watu, na kwamba mwanzoni aliona aibu kulipwa. Sasa amezoea kidogo. Usiku bega linamwamsha. Kwaya ameiacha, kwa sababu wanapiga makofi juu ya kichwa naye hawezi, na kusimama katikati yao mikono chini hakumpendezi. Hilo la kwaya sikuwa nimelijua, na hakuna wajibu wowote wa mwajiri unaolifikia.

Nikamwambia mzee anakaa kitini siku hizi. Akasema anajua. Kila Jumapili baada ya ibada huenda kumwona, kama mgeni, anagonga mlango kama wageni wengine. Nilifungua mdomo kumuuliza kama anamwinua, akaniwahi.

"Winchi iko," akasema. "Vijana wako wanamuinua. Miye nakula naye."

Alinimiminia kikombe changu. Tulizungumza kidogo habari za watoto, wake na wangu, na bei ya unga wa muhogo kwenye duka la Tensta. Halafu simu yangu ikaita. Mfanyakazi wa zamu ya kesho asubuhi alikuwa na homa. Nikasimama, nikamalizia kahawa nikiwa wima, nikaanza kutafuta mtu.